Risasi Ndogo Juu ya Mwamba

Jumamosi, 5 Oktoba 1985

Leo Reino, kaka wa marehemu mume wangu, amekuja kunifukuza kwenye kambi yetu ya kuwinda kwa maneno matamu. Alileta kikapu cha matufaha, akala vipande vitatu vya nisu, mkate wangu mtamu, akanywa kahawa, akasifu kuni nilizopanga. Nilijua kuna jambo. Shemeji yangu huyu hasifu kitu bure.

"Shemeji," akasema, "mwaka huu pumzika. Bega lako bado bichi. Wewe tupikie, sisi tuwinde."

"Na Mwamba?"

"Craig atakaa Mwamba."

Craig ni mkwe wake, kijana wa kusini, ng'ambo ya daraja, mwenye buti mpya kila msimu. Na Mwamba ni jiwe kubwa juu ya uwazi, lile ambalo mume wangu Arvid alilikalia kila Novemba tangu tuoane. Ukikaa pale unaona bonde lote mpaka ukingo wa kinamasi cha mierezi. Mimi miaka yote hiyo nilikaa kule kijitoni, mahali pa kutazama kindi. Januari, Arvid akiwa kitandani hospitalini, Reino amesimama miguuni pake, alisema waziwazi: "Mwamba ni wa Elma." Reino akaitikia kwa kichwa. Arvid alikufa Februari, na inaonekana lile itikio lilizikwa naye.

Bega langu lina chuma. Machi niliteleza kwenye ngazi za sauna, mtulinga ukavunjika. Daktari alisema bunduki naweza kupiga, ila si ile inayorusha mateke ya punda. Nikamwambia Reino basi nitatafuta yenye teke dogo.

"Kambi yetu ni ya Sita. Unalijua hilo."

Nani asiyejua? Risasi ya .30-06, sisi tunaiita Sita. Kila bunduki kambini inakula hiyo hiyo. Juu ya rafu ya jiko kuna kopo la kahawa lililojaa Sita, na kila mtu anachovya mkono. Risasi moja, kambi moja: hiyo ndiyo amri ya Reino, anaitamka kama mchungaji anavyotamka Amri Kumi.

Nikamjibu kwamba nitakuja, nitakaa juu ya Mwamba, na kama kambi inataka mpishi, basi apike Craig. Alicheka mpaka akapaliwa na nisu. Sikumpa maji.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Bega linauma. Sijabadili nia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshinda kwa Hjalmar, fundi wa bunduki. Duka lake lina harufu ya mafuta na mbwa aliyelowa, na yeye mwenyewe ni kiziwi wa sikio la kulia, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia haja yangu.

"Unataka risasi ya nini?" akauliza.

"Ya kulungu, Hjalmar. Si ya vita."

"Utapigia wapi?"

"Mwamba. Mpaka ukingo wa kinamasi."

Anapajua. Kisha akaanza kuzipanga risasi juu ya kaunta, moja moja, zimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Kwanza ile fupi ya .30-30, rafiki wa wazee wote wa huku. Nzuri msituni, akasema, mahali unapomwona mnyama karibu na pua, lakini ukipiga kutoka Mwamba itachoka njiani na kuanza kuanguka. Pili ya .270. Hiyo inakwenda mbali na imenyooka, ila kwa teke haina tofauti kubwa na Sita, bega langu halitauliza jina lake. Tatu ya .243, ndogo, pole, nyoofu. Wanaume huiita ya watoto.

"Na inaua?"

"Ukiiweka mahali pake, inaua. Ukiiweka pabaya, hata mzinga hauui." Akaongeza moja pembeni. "Lakini kama ningekuwa wewe ningeangalia hii. .257 Roberts. Kichwa chake ni kizito kuliko cha .243, kinaingia ndani zaidi, na teke lake ni la mtoto wa mbuzi."

Nikaishika. Ilikuwa nyembamba, shingo ya shaba imebana kama kiuno cha nyigu. Moyo wangu uliipenda pale pale, ila sikutaka kununua kwa moyo, maana kwa moyo ndivyo wanaume wanavyonunua Sita. Nikamwambia nataka kuzipiga zote mbili kabla sijasema neno.

"Reino atasema nini?" Hjalmar akauliza, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Reino ana bega lake."

Alhamisi, 17 Oktoba

Tauno alipita kuomba mafuta ya msumeno. Tauno ni jirani yangu na mwanakambi wa nne, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo. Habari za Hjalmar alishazipata.

"Nimesikia unataka kuwinda na kijiti cha kuchokonolea meno," akasema.

"Mdharau mwiba mguu huota tende, Tauno."

"Mimi sidharau. Mimi naogopa. Unamkumbuka marehemu alipoleta ile ya 270? Reino alinuna wiki nzima, hakula hata chakula chetu. Ndipo akaja na ile amri ya risasi moja. Kabla ya hapo kila mtu alikuja na yake, hakuna aliyekufa."

Nilikuwa nimesahau. Kweli, Arvid alinunua ile .270, akaipenda kama mtoto, kisha baada ya msimu mmoja akaiuza bila kunieleza kitu. Nilipomuuliza alisema, "Ni kaka yangu, Elma." Nikaacha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Shimo la kokoto, mimi na Hjalmar. Baridi ya kukata masikio.

Nilianza na .243. Tamu. Halafu .257. Tamu pia, na matundu kwenye karatasi yalikaa karibu karibu zaidi. Nikajiona bingwa. Hapo Hjalmar akaichukua bunduki, akanigeuzia mgongo, akaipakia, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta triga. Tak. Hakuna mlio. Alikuwa ameweka ganda tupu. Na mtutu wangu ulizama kama kichwa cha bata anayetafuta samaki.

"Umeona?" akasema. "Bunduki haikupiga, lakini wewe ulishtuka. Macho yalifumba. Hilo ni deni la Sita. Bega limejifunza kuogopa kabla ya mlio, na mwenyewe hujui."

Niliona haya, nikakasirika, nikamwambia apakie tena. Tuliendelea hivyo mpaka mikono ikafa ganzi: mara risasi ya kweli, mara ganda tupu, sijui ipi. Kwa .243 niliendelea kushtuka kidogo, sijui kwa nini, labda kwa sababu mtutu wake ni mfupi na mlio wake ni mkali. Kwa .257 mwishowe mtutu ulitulia juu ya ganda tupu kama umewekwa mezani. Basi nimechagua. Si kwa ushauri wa mtu, si kwa jina. Nimechagua ile ambayo sifumbi macho nikiipiga.

Bunduki nimebadilishana na injini ya boti ya Arvid. Mimi sivui samaki.

Jumatano, 30 Oktoba

Nafanya mazoezi ya ganda tupu jikoni. Paka amehama nyumba.

Jumamosi, 2 Novemba

Theluji ya kwanza kutoka ziwani. Haikushika.

Jumamosi, 9 Novemba

Kambi nzima shimoni leo, kunyoosha shabaha za bunduki kabla ya msimu. Reino, Tauno, Craig na mimi. Nilipofungua mfuko wangu Craig akapiga mluzi.

"Mama Elma, hiyo ni ya kuwindia au ya kushonea?"

"Ukitaka kitufe kishonwe, simama pale mbele."

Tauno alicheka, Reino hakucheka. Nilipiga. Matundu yangu matatu yangefunikwa na kikombe cha kahawa. Craig alipiga vizuri, lazima niseme ukweli, ingawa debe tupu haliachi kuvuma na alivuma asubuhi yote. Kisha akaja Reino na Sita yake. Karatasi yake ilionekana kama kuku ameparua. Moja juu, moja chini kushoto, moja haikuonekana kabisa.

"Darubini imelegea," akasema. Akaigonga kwa kidole, akaikaza, akapiga tena. Safari hii sikutazama karatasi, nilimtazama yeye. Kabla ya mlio, uso wake wote ulijikunja. Macho yalifumba. Shavu likatoka kwenye kitako cha bunduki.

Nikajua ninachokiona, maana ndicho nilichokiona kwangu mwenyewe. Na sitajifanya mtakatifu, nilifurahi. Nikamwendea nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Shemeji, nipe nikupakilie. Kuna mchezo Hjalmar amenifundisha."

Uso wake uligeuka rangi. Wote wanaujua mchezo huo, hakuna mwindaji asiyeujua. Akafunga bunduki kwenye mfuko, akasema baridi imezidi, akaenda zake. Njiani nilikuwa naimba. Mzee anaogopa uzee, nilijiambia, ndiyo maana anang'ang'ania Sita na kuniona mimi mzigo.

Alhamisi, 14 Novemba

Kambini. Tumewasha sauna, tumekula pasti za nyama, watu wamepangiana mahali pa kesho. Reino alisema kama hajasikia lolote tangu Oktoba: yeye bonde la chini kama kawaida, Tauno barabara ya magogo, Craig Mwamba, Elma jikoni.

Nikaweka kijiko chini. "Arvid alisema mbele yako. Wewe uliitikia."

"Arvid hakujua utakuja na risasi ngeni. Risasi mbili tofauti chumba kimoja ni ajali. Mtu atachovya gizani, ataweka isiyofaa, itampasukia usoni. Unataka hivyo?"

Hoja yenyewe si ya kijinga, nami nilikuwa nimeifikiria. Nikatoa mfuko mwekundu wa tumbaku wa Arvid, nikawaonyesha. Risasi zangu zinakaa humo, mfuko unakaa shingoni mwangu, haugusi rafu wala kopo. Wala mimi sitachovya kwao.

"Sheria ni sheria," akasema Reino.

"Ni ya nani? Kambi hii Arvid aliijenga nusu. Kila msumari wa paa ni wake. Nusu hiyo sasa ni yangu, na nusu yangu inakaa juu ya Mwamba."

Tauno alichunguza pasti yake kama ina maandishi. Reino alisema tu, "Tutaona asubuhi," akapanda kitandani.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi niliona mimi. Nilikuwa juu ya Mwamba kabla hakujapambazuka, nimefagia theluji, nimeketi juu ya mkeka wa Arvid. Tochi ya Craig ilikuja ikiyumba katikati ya miti.

"Mama Elma, mzee amesema mimi…"

"Mzee yuko wapi?"

"Bondeni."

"Basi nenda kamwambie kuna mtu hapa."

Alisimama kidogo. Akatazama jiwe, akanitazama mimi, akatazama bunduki. "Na mimi nikae wapi?"

"Kijitoni. Kuna kindi wengi."

Alikwenda. Moyo wangu ulikuwa unadunda hata ningeshindwa kumpiga tembo. Siku nzima sikuona pembe, majike tu. Lakini nimekaa Mwamba, na jioni niliporudi hakuna aliyethubutu kunipa kijiko. Tauno ndiye aliyepika. Viazi vilikuwa vibichi.

Jumamosi, 16 Novemba

Theluji. Majike watatu. Reino haongei nami.

Jumapili, 17 Novemba

Vivyo hivyo. Craig anauliza kila jioni kama sindano yangu imechoma mtu.

Jumanne, 19 Novemba

Saa chache baada ya jua kutoka nilisikia Sita ya Reino kule bondeni, mlio mmoja mzito. Nikasubiri. Halafu dume likatoka ukingoni mwa miti, pembe pana zenye ncha nane, linakwenda kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele umekatika chini ya goti, unaning'inia. Lilikuwa linapanda kuelekea kinamasi. Likiingia kule, mierezi imesongamana na maji hayajaganda, hakuna atakayelipata. Litakufa baada ya siku tatu, au litaliwa na mbwa mwitu wa kinamasi likiwa hai.

Lilisimama ukingoni, mbali, kulinusa hilo giza kabla ya kuingia. Nikaweka alama ya darubini nyuma ya bega. Sikufumba macho. Niliona kila kitu: niliona manyoya yakiruka, nikaona miguu ikikunjika, likaanguka mahali pale pale. .257, mara moja.

Reino alifika akihema, akifuata damu kwenye theluji. Alinikuta nimepiga magoti pembeni, nimeweka mkono juu ya shingo ya dume, bado ya moto. Akatazama mguu. Akatazama pembe. Kisha akasema bila kunitazama, "Damu ya kwanza ni yangu."

Hiyo ni desturi yetu, na ni ya haki kwa kawaida. Anayetoa damu ya kwanza ndiye mwenye pembe, hata kama mwingine amemaliza. Nikamwambia sawa, shemeji, funga pembeni lebo ya leseni yako. Sikuja hapa kwa ajili ya pembe.

Ningeishia hapo. Naapa ningeishia hapo. Lakini jioni, dume limening'inizwa, Craig anachuna na Tauno ameshika taa, Reino akaanza kusimulia. Jinsi lilivyotokea, jinsi alivyolipiga kifuani, jinsi Sita inavyofanya kazi hata mnyama akikimbia. "Elma alilikuta limekwisha," akasema. "Alilipumzisha tu. Kwa kijiti kile peke yake lisingeanguka kamwe." Na Craig akanicheka.

Nikasema, "Craig, shika kisu vizuri. Chuna ubavu wa kulia, taratibu."

"Haina haja," akasema Reino haraka. "Kata bega tu, utugawie nyama."

"Chuna."

Craig alichuna. Upande wa kushoto kulikuwa na tundu moja dogo la kuingilia nyuma ya bega. Upande wa kulia, chini ya ngozi, kilikuwepo kichwa cha risasi, kimefunguka kama uyoga, chekundu kwa shaba. Nikakitoa kwa kidole, nikakifuta kwenye suruali. Nikaenda ndani, nikatoa Sita moja kwenye kopo na moja yangu kwenye mfuko shingoni, nikaziweka zote tatu juu ya meza. Nikachukua ganda langu tupu la asubuhi, nikakaza kitako cha ule uyoga kwenye mdomo wake. Kikaingia. Nikajaribu kukikaza kwenye ganda tupu la Sita lililokuwa rafuni, kikacheza kama ulimi ndani ya kengele.

Hata mtoto wa chekechea angeona.

"Kifuani ulipiga wapi, shemeji?" nikamuuliza. "Mimi nimepata mguu tu."

Craig hakucheka tena. Reino alichukua shoka akatoka kwenda kupasua kuni, na kuni tulikuwa nazo za kutosha mpaka Pasaka. Tauno, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, akasema polepole, "Ajabu. Kulungu wa Reino siku zote huangukia mbele ya Mwamba."

Jumatano, 20 Novemba

Nimekaa Mwamba siku nzima na sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa natazama ndani ya kichwa changu. Maneno ya Tauno.

Bonde la Reino linamwagia hapa. Kila kinachotoka kwake kimejeruhiwa hupita mbele ya jiwe hili. Na aliyekaa hapa miaka yote ni Arvid. Sasa naelewa. Reino alijeruhi, Arvid alimaliza, na kwa kuwa wote walipiga Sita, tundu la huyu na la yule hayakutofautiana. Reino alikuja na damu ya kwanza, akachukua pembe, akasimulia. Ukutani kambini kuna safu nzima ya pembe za Reino. Mwaka Arvid alipoleta .270, matundu yangeanza kusema. Ndipo amri ikazaliwa. Risasi moja, kambi moja. Si kwa ajili ya ajali, wala si kwa ajili ya mtu kukosa risasi kwenye tufani. Ni kwa ajili ya kuficha.

Ndiyo maana alimtaka Craig hapa, kijana mwenye Sita. Na ndiyo maana aliogopa kijiti changu kuliko bega langu.

Namkasirikia Arvid. Amelala chini ya theluji na mimi namkasirikia kwa sauti, juu ya jiwe lake, kindi wananitazama. Alijua, na miaka yote kitandani kwangu hakusema. Ila alisema Mwamba ni wa Elma. Labda alichoka kumficha kaka yake na alijua mimi siwezi. Au labda alitaka tu nione bonde. Sijui, na hawezi kuniambia.

Ijumaa, 22 Novemba

Reino alipanda Mwamba leo mchana. Peke yake. Alisimama chini ya jiwe, kofia mkononi, na nywele zake ni chache kuliko nilivyofikiri.

"Nipakilie," akasema, akaninyooshea bunduki yake.

Nikaichukua, nikamgeuzia mgongo, nikafunga chemba bila kuweka kitu, nikamrudishia. Akalala juu ya theluji, akalenga kisiki cha mbele. Alijitahidi, nilimwona akijitahidi, taya zimekaza. Tak. Mtutu ukazama mpaka ukachoma theluji.

Akaketi. Kwa muda mrefu alikuwa anapangusa theluji kwenye mtutu kwa kidole gumba.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sita ilinirudishia teke, darubini ikanipasua hapa." Akagusa nyusi. "Mimi na Arvid bado tulikuwa na nywele nyeusi. Nilidhani itapita. Haikupita. Kila mwaka nasema mwaka huu sitafumba."

"Kwa nini hukubadili risasi?"

"Baba yetu alipiga Sita. Mimi ndiye mkubwa. Arvid hakuwahi kusema neno. Hata mimi hakuniambia. Alikuwa ananiachia tu niweke lebo yangu."

Nilimhurumia. Siandiki hivyo kwa heshima, nilimhurumia kweli. Mtu mzima, mkubwa wa kambi, anaenda porini kila Novemba na hofu yake kama mtoto anayepelekwa kwa daktari wa meno. Mwezi mzima nilimwona mwonevu, na kumbe alikuwa anajificha nyuma ya kopo la kahawa.

Kisha akasema, "Basi tuendelee hivyo, Elma. Wewe kaa Mwamba. Hakuna atakayekugusa tena. Ila haya yabaki hapa. Kama Arvid."

Huruma ikanitoka mara moja.

"Hapana."

"Nakupa Mwamba."

"Mwamba hunipi wewe. Ninao. Na waliopita njia nyingine je, Reino? Wale ambao hawakupita mbele ya Arvid? Waliingia kinamasini na miguu yao inaning'inia ili wewe usiitwe mwoga. Mimi si Arvid. Nikiona mnyama wako amevunjika nitammaliza, na jioni nitasema mezani nimemmaliza. Kila mara. Ukitaka nisiseme, usivunje."

"Utaniaibisha mbele ya mkwe wangu."

"Waambie mwenyewe, basi. Ukisema wewe ni uungwana. Nikisema mimi ni aibu. Una muda mpaka Siku ya Shukrani."

Aliondoka bila kuaga. Alisahau kofia. Nimemrudishia, ila sikumpa kwa mkono, nimeiweka juu ya kitanda chake.

Jumamosi, 23 Novemba

Reino hakuchukua bunduki. Anapika. Supu yake ya samaki ni nzuri, sikujua.

Jumatatu, 25 Novemba

Tufani. Hatukutoka. Craig ameniuliza, kwa adabu, kama anaweza kuishika .257. Nikampa. Aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa wenzake, akarudisha.

Alhamisi, 28 Novemba, Siku ya Shukrani

Paja la dume lile lilikuwa mezani, na viazi vilivyoiva, kwa sababu Reino ndiye aliyevipika. Tauno alisali kifupi, njaa ikimsimamia. Tulipoanza kula Reino akasimama. Nikadhani anafuata chumvi.

Akaenda ukutani. Akaanza kushusha pembe. Si zote, baadhi, alikuwa anazijua moja moja. Akaziweka kitandani kwa Arvid, pale ambapo hajalala mtu mwaka huu. Craig akauliza, "Baba, vipi?"

"Hizi ni za Arvid," akasema Reino. "Mimi nafumba macho. Miaka mingi sasa. Nilikuwa najeruhi, Arvid anamaliza, mimi nachukua. Na dume hili mnalokula ni la Elma, mguu tu ndio wangu. Nilitaka mlisikie kwangu."

Hakuna aliyejua afanye nini na uma wake. Tauno alifungua mdomo, nikamkanyaga chini ya meza, akaufunga. Craig alitazama sahani yake, halafu akamsogezea baba mkwe wake kiti ili aketi. Nilimpenda kijana huyo kidogo wakati ule, pamoja na buti zake.

Reino aliketi. Alikula mpaka sahani ikaisha. Kisha akanigeukia mbele ya wote, mwanamume wa Sita, mwana wa baba wa Sita, akasema, "Shemeji, wewe ungenichagulia risasi ipi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ningeweza kusema, na angeinunua kesho asubuhi bila kubishana, na kambi nzima ingegeuka kambi yangu, risasi moja, yangu. Nikalimeza.

"Siwezi kukuchagulia," nikamwambia. "Nenda kwa Hjalmar, zipige zote, akupakilie bila wewe kuona. Ile ambayo hufumbi macho, hiyo ndiyo yako. Hata ikiwa ya watoto."

"Na kama ni ya watoto?"

"Basi utawinda na ya watoto, nasi tutakucheka, nawe utapiga kulungu."

Tauno hakuweza kuvumilia tena, akacheka, na Reino akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Craig akasubiri tunyamaze, akajikohoza, akauliza mwaka ujao basi yeye atakaa wapi, kwa sababu kindi amewachoka, na kama kuna mpango wowote kuhusu Mwamba.

"Mwamba una mwenyewe," akasema Reino.

Iliniudhi kidogo, maana hilo nilitaka kulisema mimi.